Dakika Ishirini Kutoka Hospitali

"Ni ya mtu mmoja, sivyo?" Bi Ninfa aliuliza huku akizungusha shada la funguo kidoleni. "Maana huyu kijana alipokuja juzi aliniambia mpangaji ni daktari, mwanamke, na ataishi peke yake. Nikasema vizuri, mtu mmoja hana makelele."

Ximena alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu, akipima kwa macho mahali pa kuweka meza. Alikuwa ameshaiona meza yenyewe akilini: si kubwa, ya watu wawili, na viti viwili vya akiba kwa ajili ya mama zao. Neno "peke yake" lilimfikia kama maji ya baridi mgongoni. Akageuka kumtazama Efraín.

Efraín Quisbert alikuwa dirishani, amewapa mgongo. Masikio yake yalikuwa yameiva kwa aibu.

"Peke yake?" Ximena aliuliza.

"Tutaongea, Xime."

"Tuongee sasa."

"Si mbele za watu."

Bi Ninfa, mjane wa makamo aliyevaa aproni juu ya sweta mbili, alimtazama huyu, akamtazama na yule. "Mimi si watu, mimi ni mwenye nyumba," alisema. "Lakini haya, naenda kuangalia sufuria yangu. Ila mjue saa kumi kuna mtu na mkewe wanakuja kuiona. Nikipata jibu kabla yao, nyumba yenu. Nisipopata, msinilaumu."

Aliondoka, na slipa zake zikasikika zikiburuzika hadi mwisho wa ukumbi. Ximena alingoja. Kutoka pale dirishani, hospitali ilionekana wazi, paa lake la kijivu na mnara wake wa maji, mitaa minne tu mbele. Angeweza kufika kwa miguu kabla chai haijapoa.

"Mama anatungoja kwa chakula," Efraín alisema hatimaye. "Tukichelewa atasema ninyi watu wa mabonde ya Tarija hamna saa."

Akatangulia kutoka.

Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi Daktari Ximena Aramayo alitakiwa kuanza kazi katika wodi ya watoto njiti, kazi aliyoisomea miaka kumi na moja, na bado hakuwa na mahali pa kulaza kichwa katika jiji la La Paz. Barua ya ajira ilikuwa ndani ya mkoba wake, imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imeanza kuchanika. Sentensi moja aliijua kwa moyo: daktari aliye kwenye zamu ya kuitwa sharti aweze kufika wodini ndani ya dakika ishirini, usiku au mchana.

Dakika ishirini. Na jiji lenyewe limemwagika mlimani kama ngano iliyopasua gunia. Chini kabisa, Obrajes, ambako hewa ni nzito na mtu wa mabondeni anapumua vizuri, aliishi mama yake mdogo, Eduviges, aliyekwisha kumtandikia kitanda. Juu kabisa, El Alto, ambako hata mshumaa unawaka kwa shida, ndiko lilikokuwa tanuri la mikate la Efraín. Katikati ilikuwa Miraflores, mtaa wa hospitali, ambako hakuwa na mtu hata mmoja.

Alikutana na Efraín miaka mitatu nyuma, alipotumikia mwaka wake wa lazima katika zahanati ya kijijini, kule nyanda za juu. Kila Alhamisi Efraín alimletea bibi yake mgonjwa mkate wa moto, na kila Alhamisi mkate mmoja ulibaki mezani kwa daktari "kwa bahati mbaya". Baadaye Ximena alikwenda Sucre kusomea ubingwa, na kwa miaka miwili mapenzi yao yakaishi ndani ya simu, yeye akitoka zamu, Efraín akiwa amejaa unga hadi kwenye nyusi. Ni katika stendi ya mabasi ya Sucre ndipo Efraín alipomuomba wafunge ndoa, kwa sauti ndogo kiasi kwamba alilazimika kurudia mara mbili. Ximena alikubali mara ya kwanza, ila alitaka kusikia tena.

Na sasa, peke yake.

Walipanda gari la waya bila kusemezana. Kibanda kiliondoka kituoni, kikaanza kuning'inia juu ya mabati na kamba za nguo, na watu wengine sita waliokuwamo wakajifanya wanatazama nje. Efraín alikuwa amekaa mkabala naye. Magoti yao yalikaribiana bila kugusana. Zamani, yaani Sucre, miezi mitano nyuma, angekwisha kuweka goti lake kati ya yale mawili na kusema mzaha wa kipuuzi. Ximena alimtazama usoni akitafuta yule mtu. Efraín aliinua macho mara moja, na ndani yake kulikuwa na huzuni kiasi kwamba Ximena aliogopa kuendelea kutazama.

Kuna mwanamke mwingine, aliwaza. La hasha. Basi kuna nini?

Simu yake ikaita. Alikuwa mama yake.

"Umepata nyumba?" Bi Hortensia aliuliza bila salamu. "Chumba cha mama yako mdogo kina jua tangu asubuhi. Kina kabati. Kina bustani mtu anaweza kukaa na koti moja tu."

"Mama, kutoka Obrajes wakati wa foleni ni dakika arobaini."

"Utaamka mapema."

"Watoto njiti hawapangi saa ya kuzidiwa, mama."

"Uko wapi? Mbona nasikia upepo?"

Ximena alimtazama Efraín, kisha akatazama nje. "Napanda El Alto. Mama yake Efraín amenialika chakula cha mchana."

"Kwa hiyo mtu anachumbiwa kimyakimya huko juu," Bi Hortensia alisema, "na mama yake mzazi amewekwa chini huku kama mzigo."

"Mama, daktari wako alisema mapafu yako hayawezi kwenda juu. Alhamisi tulipotua uwanja wa ndege si uliwekewa oksijeni? Umesahau?"

"Sijasahau kitu," alisema mama yake, na simu ikakatwa.

Bi Basilia, mama yake Efraín, aliwapokea mlangoni mwa bekari. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sketi nene za tabaka nyingi na mikono ya mtu aliyekanda unga tangu utotoni. Hakumkumbatia Ximena. Alimshika mkono, akaupindua kiganja juu, akakichunguza.

"Mikono midogo," alisema.

"Inafaa kazi yangu, mama. Watoto wangu wengine ni wepesi kuliko mkate wako."

Bi Basilia aliguna, na Ximena hakujua kama ni kicheko. Walikaa kwenye benchi nyuma ya tanuri, mahali penye joto, wakapewa supu ya viazi vikavu na kipande cha nyama ya kondoo. Ya Ximena ilikuwa na vipande viwili. Aliliona hilo, akapata tumaini kidogo.

"Dokta, nitasema wazi kwa sababu mimi sijui kuzunguka," Bi Basilia alianza baada ya kijiko cha tatu. "Wewe ni mtu mzuri. Bibi yake huyu alikufa akikutaja. Lakini watu wa mabondeni huku hawadumu. Wanakuja, wanaumwa kichwa, wanalia, wanateremka. Na tanuri hili mume wangu alilijenga kwa mikono yake. Efraín akiteremka kukufuata, nani ataliwasha? Mwoka mikate hulala karibu na moto wake."

"Sijamwambia ateremke, mama. Mimi nilikuwa tayari kuishi huku."

"Huku?" Bi Basilia alimgeukia mwanawe. "Hukumwambia?"

Kijiko cha Efraín kilikuwa kimesimama hewani. Ximena aliweka bakuli chini.

"Kuniambia nini?"

Efraín aliinuka, akaenda upande wa pili wa tanuri, akaegemeza mikono kwenye meza ya kukandia iliyojaa unga. Ximena akamfuata. Bi Basilia alibaki amekaa na supu yake, lakini aliacha kutafuna ili asikie.

"Mama yako alinipigia simu," Efraín alisema.

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Hakunitukana, Xime. Ningefurahi kama angenitukana. Aliniuliza swali moja tu. Alisema: mtoto njiti akizidiwa saa nane za usiku, na binti yangu yuko kitandani kwako huko juu, atafika?"

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nitapima." Alitoa daftari dogo kwenye mfuko wa aproni iliyoning'inia hapo, lile la kuandikia oda za mikate, akaliweka mezani kati yao. "Nimeteremka mara sita. Kutoka mlango huu hadi mlango wa wodi yako. Mchana, kwa gari la waya na teksi, dakika thelathini na nane. Jioni, hamsini na moja. Usiku magari ya waya hayafanyi kazi, kwa hiyo nilichukua teksi, ukungu ukiwa umeshuka barabara nzima. Dakika arobaini na sita. Mara moja nilikimbia kipande kizima cha mwisho. Dakika thelathini na tano." Sauti yake ilikwama. "Haikushuka hadi ishirini hata mara moja."

Ximena aliangalia zile namba zilizoandikwa kwa penseli, pembeni mwa hesabu za mikate. Aliziona wazi zile safari sita: mtu huyu, aliyekuwa akikesha tanurini, anateremka mlima peke yake na saa mkononi, anasimama mbele ya mlango wa hospitali asikofanya kazi, anaandika, anapanda tena.

Alitaka kumkumbatia. Alitaka pia kumpiga na lile daftari.

"Kwa hiyo ukaamua," alisema. "Wewe na mama yangu. Mkanitafutia nyumba ya mtu mmoja."

"Nilitaka upate pa kukaa kwanza. Halafu ningekuambia."

"Ungeniambia nini? Sema. Mimi niko hapa."

"Kwamba siwezi kuwa sababu ya mtoto wa mtu kufa!"

"Na kuniacha unaweza?"

"Sikuachi, mimi..."

"Unaniacha, Efra! Umenipangia chumba, umenitafutia dirisha linaloona hospitali, umenipigia hesabu kama kapu la mikate, kila kitu umefanya isipokuwa kuniuliza! Nilipokuwa Sucre uliniuliza kama nakula. Uliniuliza kama soksi zangu ni nzito. Jambo moja, moja tu, hukuniuliza!"

Efraín alifungua mdomo. Machozi yalikuwa yamemjaa, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na unga hakuweza kuyafuta. "Niliogopa ungesema utakaa huku," alinong'ona. "Na mimi ningekubali. Nakupenda kiasi hicho kibaya, Xime. Ningekubali."

Moyo wa Ximena ulikuwa unapiga hadi masikioni, na hakujua kama ni hasira, ni mapenzi, au ni hewa nyembamba ya pale juu.

Wakati huo mlango wa mbele ukagongwa kwa kishindo, ukafunguka kabla mtu hajajibu.

"Nimekuja kuona," ilisema sauti aliyoifahamu tangu tumboni. "Kama ni posa, nimekuja kuona kwa macho yangu."

Bi Hortensia alikuwa amesimama kizingitini na koti lake la kanisani na pochi kwapani. Nyuma yake mama mdogo Eduviges alikuwa akitweta, akirudia, "Nilimkataza, nilimkataza, akasema ataruka kwenye teksi." Lakini Ximena hakumsikiliza mama mdogo. Alikuwa anatazama midomo ya mama yake. Ilikuwa ya rangi ya zabibu.

"Mama, kaa chini."

"Sikai mpaka..." Bi Hortensia alianza, akanyoosha mkono kushika ukingo wa meza, akaukosa.

Efraín alimdaka kabla hajafika sakafuni.

Ximena alikuwa amekwisha kutoa mkobani kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Namba zilicheza, zikatulia: sitini na sita, chini mno hata kwa huko juu. Aliweka sikio mgongoni mwa mama yake, na ndani alisikia mchakacho mwembamba, kama karatasi inayokunjwa taratibu. Mikono yake, ile midogo, ilijua kazi yake. Lakini huyu hakuwa mtoto wa mtu mwingine.

"Ana maji mapafuni," alisema. "Dawa ya kwanza ni kumteremsha. Sasa hivi. Kituo cha magari ya waya kiko hapo ng'ambo, teksi itakwama sokoni. Efra..."

Hakumaliza. Efraín alikuwa amepiga magoti, na Bi Basilia, bila kuambiwa, alikuwa amekwisha kuchukua kitambaa chake cha rangi cha kubebea mizigo na kumfunga Bi Hortensia mgongoni mwa mwanawe kama wanavyofungwa watoto.

"Usinishike," Bi Hortensia alilalamika kwa sauti iliyokatikakatika. "Unanuka... unga."

"Ndiyo, mama," Efraín alisema. "Nishike shingo."

Alipofika mlangoni alisita, akageuka kutazama tanuri. Moto ulikuwa umeshawashwa kwa ajili ya mikate ya jioni, ile ya Jumamosi tu. Bi Basilia alimwona.

"Unatazama nini?" alimfokea. "Mimi nilikuwa nakanda kabla wewe hujazaliwa. Nenda! Na kesho ukichelewa pia nitakanda. Tanuri halina miguu, halitakimbia."

Ndani ya kibanda watu waliwapisha benchi zima. Mwanamke mmoja alifungua kidirisha, mwingine akavua shali yake akamfunika mgonjwa miguu. Ximena alikaa na kidole cha mama yake ndani ya kipimo, akiipigia hospitali simu kwa mkono wa pili. "Mimi ni Daktari Aramayo, naanza Jumatatu. Hapana, sikosei siku. Naleta mgonjwa. Ni mama yangu." Sauti yake ilivunjika kwenye neno la mwisho, akaikaza tena. Kibanda kiliteremka, mji ukawapandia kutoka chini. Sitini na sita. Sitini na sita. Sitini na nane. Kichwa cha Bi Hortensia kilikuwa begani kwa Efraín, na unga wa koti la Efraín umempaka shavu. Efraín hakujongea hata kidogo. Alikuwa akihesabu pumzi za mama mkwe asiyemtaka, midomo ikitikisika, na kila moja ikichelewa naye aliacha kupumua akaingoja.

Ximena aliwatazama wote wawili, na katikati ya ile hofu akajua jambo. Efraín alikuwa sahihi kuhusu dakika. Kosa lake lilikuwa la mahali pengine kabisa, na hilo lilirekebishika.

"Efra," alisema. "Siwezi kuishi huko juu."

"Najua."

"Wewe unaweza kuishi Miraflores na kwenda kazini El Alto?"

Aligeuza uso polepole ili asimwamshe aliyelala begani kwake. "Mabasi madogo yanaanza saa nane usiku," alisema. "Nimeyaona nilipokuwa nateremka."

"Sikuulizi mabasi. Nakuuliza wewe."

"Naweza," Efraín alisema. "Nataka. Nilidhani hakuna atakayeniuliza na mimi."

Namba kidoleni ilisoma sabini na moja.

Mpaka saa tisa, Bi Hortensia alikuwa amelazwa na barakoa ya oksijeni usoni, amechomwa sindano, midomo imerudia rangi yake. Daktari wa zamu, mzee mwenye miwani kichwani, alimwambia Ximena kwamba hatari imepita, na kwamba mgonjwa amekwisha kuwagombeza manesi wawili, dalili nzuri. Mama mdogo Eduviges alikwenda kutafuta chai. Ximena alitoka hadi ukumbini, akaegemea ukuta. Alilia kidogo, haraka haraka, kama mtu aliyeazimwa muda. Kisha akapiga simu.

"Bi Ninfa? Ni yule daktari wa asubuhi. Nyumba naichukua."

"Bado saa moja wale wengine waje," Bi Ninfa alisema. "Umeniwahi. Mtu mmoja, sivyo?"

Efraín alikuwa amekaa kwenye benchi mbele yake, kitambaa cha mama yake kimekunjwa mapajani. Aliinua macho.

"Hapana," Ximena alisema akimtazama. "Mimi na mume wangu. Tutafunga ndoa kabla ya mwezi kwisha, na mpaka hapo nitakaa mimi. Lakini andika majina mawili."

"Yule kijana aliyekuwa anajificha dirishani?"

"Huyo huyo."

"Nilijua," Bi Ninfa alisema kwa kuridhika. "Mtu hapimi ukubwa wa jiko mara tatu kwa ajili ya nyumba ya mwingine. Ana makelele?"

"Anaamka saa saba usiku."

"Yesu wangu. Basi avae soksi."

Ximena alicheka. Efraín alisimama. Hawakukumbatiana, maana ukumbi ulikuwa umejaa watu na vitanda vya magurudumu, na Jumatatu hao wangekuwa wenzake Ximena kazini. Efraín alisimama tu karibu sana, paji lake likigusa nywele zake, na wote wawili walinuka moshi wa tanuri.

"Nisamehe," Efraín alisema.

"Uniulize kila kitu," Ximena alimjibu. "Hata mambo ya kijinga."

"Umekula?"

"Nusu bakuli. Tuligombana."

Nesi alichungulia mlangoni. "Mgonjwa anawaita. Wote wawili, amesema. Na amesema msijifanye hamjasikia."

Bi Hortensia alikuwa ameegemea mito, macho yake makali juu ya barakoa. Aliwatazama wakisimama miguuni pa kitanda kama watoto walioitwa na mwalimu. Ximena alijiandaa. Alijua maneno yote yatakayokuja: Obrajes, kabati, jua la asubuhi, ukoo wa Aramayo, muuza mikate. Alikuwa amepanga majibu yake njia nzima. Lakini mama yake hakumtazama yeye. Alishusha barakoa hadi kidevuni.

"Wewe. Unaoka saa ngapi?"

"Naanza saa tisa usiku, mama," Efraín alisema. "Namaliza saa nne asubuhi, halafu nagawa mikate madukani."

"Na unalala?"

"Saa moja jioni. Kama kuku."

"Mama, rudisha barakoa," Ximena alisema.

"Ngoja. Binti yangu ana wodi mchana, na zamu za kuitwa usiku. Sasa niambie, wewe bwana wa daftari, maana aliniambia nikichomwa sindano kwamba umejaza daftari zima kwa sababu ya swali langu. Mtaonana saa ngapi?"

Efraín alianza kuhesabu kwa vidole. Ximena alimwona akipiga hesabu kwa uaminifu ule ule uliokaribia kuwatenganisha. Mwambie siku nzima, aliomba kimoyomoyo. Mdanganye kidogo.

"Alasiri, mama," Efraín alisema. "Kuanzia saa tisa na nusu, akitoka wodini, mpaka saa moja. Siku zile asizoitwa."

"Saa tatu na nusu kwa siku."

"Ndiyo, mama. Ni hizo tu nilizonazo."

Bi Hortensia alilaza kichwa kwenye mto, akatazama dari. Oksijeni ilisikika ikipuliza bure kidevuni mwake. Ximena aliangalia kipimo, akaona namba iko salama, akangoja hukumu.

"Baba yako, Mungu amrehemu, alistaafu akiwa na miaka hamsini," mama yake alisema mwishowe. "Miaka kumi na minane alikaa nyumbani mchana kutwa na usiku kucha. Kiti kile kile, redio ile ile. Watu wa mtaani walikuwa wananiambia, Hortensia, una bahati, mumeo hatoki." Alivuta pumzi. "Nikijumlisha maneno yetu ya wiki nzima, ya wiki nzima, mwanangu, hayafiki saa tatu na nusu."

Ximena hakuwahi kumsikia mama yake akisema neno moja baya juu ya marehemu. Alitaka kumshika mkono, na aliposogea akakuta mama yake ameshaunyoosha.

"Kesho mama yake aje," Bi Hortensia aliendelea, akimwonyesha Efraín kwa kidevu. "Nimeingia nyumbani kwake bila hodi, na nimetoka na kitambaa chake. Nina maneno ya kumwambia. Mengine ni ya radhi. Siyo yote." Alipandisha barakoa, akafumba macho, kisha akayafumbua tena na kuishusha. "Saa ngapi sasa?"

Efraín alitazama mkononi. "Saa tisa na nusu, mama."

"Kamili?"

"Imepita dakika mbili."

"Basi mmesimama hapa mnafanya nini?" Bi Hortensia alisema. "Eduviges atakaa na mimi. Tokeni."